Barua kwa mwanangu: kutulia pamoja nyumbani

Mwanangu,

Umeniuliza watoto wanaweza kukaa kimya dakika ngapi kila jioni, maana mama watoto anataka nyumba nzima ijizoeze kutuliza akili pamoja. Dakika ni jambo dogo. Wa miaka 5 anatosheka na moja au mbili, mkubwa na tano. Kazi ni ninyi wawili. Mtoto hufuata pumzi ya mkubwa. Mmoja wenu akichungulia telefone, watajifunza telefone.

Mdogo mlaze chali mkekani, umwekee tumboni kijiwe laini cha ziwani, akitazame kikipanda na kushuka. Usimwambie avute kwa nguvu: akipumua haraka na kwa kina atashikwa na kizunguzungu, vidole vimchomechome. Avute kwa hesabu ya 3, atoe kwa 4 au 5, bila kubana. Kutoa polepole ndiko kunakopunguza mbio za moyo. Akicheka, acheke, kijiwe kitarukaruka, kisha kitatulia. Na msigeuze kuwa adhabu, "nenda ukatulie kule", maana hapo mmekwisha kuharibu.

Mkubwa ataona haya. Yeye mpe karanga moja: aitazame, ainuse, aiweke ulimini kwanza, ndipo aitafune taratibu mpaka iishe. Katika mafunzo ya wiki 8 ya kutuliza akili aliyoyaanzisha Jon Kabat-Zinn huko Massachusetts, Marekani, mwaka 1979, hutumiwa zabibu kavu. Karanga inatosha.

Mahali pa kukaa, hapo sitanii. Ninyi mko Keshero, hapo Goma. Msishuke alfajiri kukaa kwenye mashimo ya kando ya ziwa, hata pakiwa pazuri namna gani. Mazuku ni hewa nzito inayoua, haionekani, hujikusanya mahali pa chini, na mtoto aliyelala ndiye huipata wa kwanza. Ndani nako, babula, jiko la makala, itolewe kabla hamjakaa, na madirisha yafunguliwe. Hewa ya makala inayoua haina harufu.

Tena msimlazimishe mkubwa kufumba macho. Ulikuwepo njiani kwenda Sake, Mei 2021, mlima Nyiragongo ulipolipuka na watu wakaamriwa kuhama Goma. Kila mtu alikuwa akiwafokea watoto wanyamaze. Shangazi yako alimshika mkono huyu mkubwa wako, akavuta pumzi hatua 3, akatoa hatua 4, kwa sauti ya kusikika, bila kumwambia neno. Kilio kikakatika chenyewe, mtoto akaanza kupumua naye katikati ya chukudu, zile baiskeli za mbao za kubebea mizigo, na magodoro. Mpaka leo nikikumbuka moyo wangu unafurahi. Nilishasema: mtoto hufuata pumzi ya mkubwa. Lakini gizani macho yakifumbwa, picha za mlima zinaweza kumrudia. Ayaache wazi, nyayo zikanyage sakafu, ataje vitu vitano anavyoviona, kimoja kimoja.

Utasema sala ya jioni yatosha. Hapana, kwenye sala tunaomba, na hapa hakuna kinachoombwa. Ingawa rozari ikisaliwa bila haraka, pumzi hushuka vilevile, hilo siwezi kulikataa. Basi tulieni kwanza, sala ifuate, na chakula kiwe kimeliwa, maana mwenye njaa hatulii.

Kuhusu ile programu ya telefone ya kuwaongoza pumzi, neno langu unalijua. Nyumba ni yenu, sisemi. Ila sauti yako watoto wanaijua.

Mama yako, Bukavu