Shule ya Watawa Isiyo na Watawa

SWALI: Shikamoo Babu. Nasoma Chuo Kikuu cha Bangor, Wales. Hapa kuna sekondari kongwe iitwayo Friars, yaani watawa, lakini sijamwona mtawa hata mmoja. Kulikoni?

JIBU: Marahaba, mjukuu wangu. Watawa walikuwepo, wa shirika la Wadominiko, hadi Mfalme Henry wa Nane alipozifunga nyumba zao miaka ya 1530. Baadaye nyumba hiyo ikawa mali ya mwanasheria Geoffrey Glyn, naye mwaka 1557 akausia iwe shule ya watoto wa maskini. Watoto wenyewe ni wavulana tu! Ilibaki hivyo hadi 1971 ilipounganishwa na ya wasichana. Karne nne, mjukuu wangu. Inaniuma.

Somo kubwa lilikuwa sarufi ya Kilatini. Mtoto aliyeamka akiongea Kiwelshi na mama yake, darasani alikariri amo, amas, amat, yaani napenda, unapenda, anapenda. Nami nilikariri hayohayo seminari, nimetoka nyumbani na Kihehe changu, kwa hiyo yule mtoto namwona kabisa: macho kayafumba, midomo inamcheza, anaogopa kuruka neno.