Mgeni azungumze kabla ya chakula

Mzee mwenzangu, umeuliza kwa nini wanachama wa klabu yenu ya wastaafu husinzia mgeni anapozungumza kwenye chakula cha mchana cha kila mwezi. Tumbo likishajaa, usingizi hauna adabu! Mpeni mgeni nafasi kabla ya kula, dakika 20 tu, kisha maswali yaendelee mezani. Huko ndiko mazungumzo hunoga. Mwambieni muda huo mapema, siyo akishasimama. Kipaza sauti msikiache hata chumba kikiwa kidogo, maana wengi wetu masikio yamechoka ila hatukubali. Na kabla ya kuhangaika na wageni wa mbali, ulizaneni wenyewe: pengine mkunga au nahodha mstaafu mnakaa naye meza moja kila mwezi.