Kwa nini pengo la mali Marekani ni kubwa kuliko pengo la kipato?

Swali: Mimi ni mwanafunzi wa sosholojia. Nimesoma kwamba nchini Marekani kaya za watu weusi ziko nyuma ya kaya za weupe kwa mali kuliko kwa kipato. Mwenzangu anashikilia kuwa chanzo ni utamaduni wa kutojiwekea akiba. Je, hoja hiyo ina msingi?

Jibu: Kipato ni kile kinachoingia mwezi kwa mwezi, mali ni kile kinachobaki baada ya kutoa madeni, yaani nyumba, akiba, hisa na biashara, vitu ambavyo mzazi huweza kumwachia mtoto. Mwaka 2022, ukizipanga kaya kuanzia maskini hadi tajiri na kuitazama iliyo katikati, kaya ya weupe ilikuwa na kipato cha karibu dola 81,000 na ya weusi karibu 53,000, sawa na asilimia 65. Kwa mali, ya weupe ilikuwa na dola 285,000 na ya weusi 44,900, ambazo hazifiki hata asilimia 16. Mshahara wa leo peke yake hauwezi kueleza tofauti hiyo.

Jibu kubwa limo katika nyumba. Katika miaka ya 1930 shirika moja la serikali kuu lilichora ramani za miji zaidi ya 200 na kuigawa mitaa katika madaraja manne, na mitaa ya watu weusi, karibu yote, ikapakwa rangi nyekundu, alama ya hatari kwa mkopeshaji. Kuanzia mwaka 1934 serikali ilidhamini mikopo ya nyumba kwa mtazamo huohuo. Huko Levittown, New York, ambako nyumba ziliuzwa kwa dola 7,990 mwaka 1949, mikataba ya mwanzo ilimkataza asiye mweupe kuishi humo, isipokuwa kama mtumishi wa ndani. Sheria iliyopiga marufuku ubaguzi katika makazi ilikuja mwaka 1968, wakati nyumba zile zilikuwa zimekwisha kupanda thamani na kuanza kurithishwa.

Hoja ya utamaduni nayo si ngeni. Ripoti ya mwaka 1965 ya Daniel Patrick Moynihan, afisa wa Wizara ya Kazi ya Marekani, ilitilia mkazo udhaifu wa familia ya mtu mweusi, na wengi waliisoma kama lawama, ingawa ilitaja pia ukosefu wa ajira. William Julius Wilson, mwanasosholojia aliyeichunguza Chicago, alieleza mwaka 1987 kwamba mienendo iliyokuwa ikiitwa utamaduni wa maskini ilikua pale viwanda vilipoondoka na kazi zikatoweka. Mimi namuunga mkono Wilson, ila sidhani kwamba utamaduni hauna kazi yoyote. Tatizo ni kuuchukua kama chanzo kabla ya kuuliza umetokana na nini.

Kuhusu akiba yenyewe, wachumi waliolinganisha kaya zenye kipato kilekile hawakukuta tofauti ya maana katika kiwango cha kuweka akiba. Tofauti ipo katika mtaji wa kuanzia na katika mzigo wa jamaa: mtu mweusi wa tabaka la kati ana uwezekano mkubwa zaidi wa kuwa na wazazi au ndugu maskini wanaomtegemea, jambo ambalo msomaji wa Kiswahili hahitaji kuelezwa kwa kirefu, na fedha inayokwenda huko haionekani kwenye hesabu yoyote ya akiba.