Maswali na majibu: kuchavusha okidi kwa mkono

Okidi yangu ya aina ya Phalaenopsis huchanua kila mwaka lakini haizai. Kwa nini?

Ndani ya nyumba hakuna mdudu wa kuichavusha, na chavua yake si unga wa kupeperushwa na upepo. Imeshikamana kuwa vibonge viwili vya manjano ambavyo sharti vibebwe vizima.

Nianzeje?

Chagua ua lililofunguka siku chache zilizopita. Katikati yake kuna kidude kilichochomoza kama pua. Hapo sehemu za kiume na za kike zimeungana. Kwenye ncha yake kuna kifuniko kidogo. Kinyanyue taratibu kutokea chini kwa kijiti safi cha kuchokolea meno. Kitabanduka, na vibonge vitanasa kwenye kijiti kwa gundi yao wenyewe. Kifuniko kikiving'ang'ania, kiondoe.

Sasa ua la kupokea. Toa kwanza chavua yake, kisha liangalie kwa chini: nyuma kidogo ya ncha ile kuna kishimo chenye ute unaonata. Hiyo ndiyo stigma, sehemu ya kike inayopokea chavua. Bandika vibonge humo na usiguse tena. Ukiweza, tumia mimea miwili tofauti, kwani ua likichavushwa kwa chavua yake lenyewe miche mara nyingi huwa dhaifu. Andika tarehe na wazazi wote wawili kwenye kibandiko siku hiyo hiyo, nakusihi.

Ua limenyauka baada ya siku mbili. Nimeliharibu?

La, hiyo ni dalili njema. Tazama kikonyo nyuma ya ua: kikinenepa na kubaki kijani, imeshika. Kikiwa manjano kitadondoka. Tunda hukomaa kwa miezi mingi na hunyonya nguvu za mmea, kwa hiyo acha moja tu, tena kwenye mmea wenye afya.

Mbegu nizipande kwenye chungu?

Usizipoteze hivyo. Ni ndogo mno, hazina akiba ya chakula. Porini hulishwa na kuvu. Mwaka 1922 mtaalamu wa mimea Lewis Knudson wa Marekani alionyesha kwamba huota bila kuvu kwenye aga (jeli itokanayo na mwani) yenye sukari na madini, ila chupa isiwe na kijidudu hata kimoja. Kama huna vifaa, tafuta maabara ya kuoteshea mimea na upeleke tunda kabla halijapasuka.

Vanila je?

Nayo ni okidi, ila ua lake hufunguka asubuhi na kufa siku hiyo hiyo, hivyo amka mapema. Edmond Albius, mtoto wa miaka 12 aliyekuwa mtumwa kisiwani Réunion, alivumbua mwaka 1841 njia inayotumika hadi leo: inua kwa kijiti utando unaotenganisha chavua na stigma, kisha vikutanishe kwa kubonyeza na kidole gumba.