Meza ya Chumba Namba 4

Swali la wiki hii: ni neno gani la Kiingereza ulilojifunza nje ya darasa, na limekufaa nini? Langu ni "wonky".

Nahudumu kwenye nyumba ya wageni hapa Tukuyu. Asubuhi moja mgeni kutoka Uingereza aliniambia meza ya chumbani kwake ni "wonky". Shule ilinipa "broken" na "bad", basi. Nikaomba radhi, nikataka kukimbilia meza nyingine. Akanizuia, akakunja kipande cha gazeti, akakisokomeza chini ya mguu mmoja. Meza ikatulia, akaendelea kuandika.

Jioni nikafungua kamusi kwenye simu: kilichopinda, kinachoyumba, kisichofanya kazi sawasawa. Neno lenyewe si la zamani sana, limeonekana kwenye maandishi tangu karibu mwaka 1919. Kumbe kitu kikiwa "wonky" hakijafa.

Lilinigusa kwa sababu mimi ndiye ninayeandika daftari la matengenezo. Miaka yote nimeandika "kibovu": kitasa kibovu, bomba bovu, swichi mbovu. Tajiri akisoma hivyo anaelewa kinatakiwa kipya, na hela ya kipya hakuna, basi kitu kinakaa vilevile. "Kimeo" la vijana ndilo zito zaidi, maana ukishaita simu kimeo umeshaitupa. Sasa naandika kitasa kinakwama, bomba linadondosha, swichi inakatakata. Wanaosema Kiswahili kimepungukiwa vivumishi sikubaliani nao hata kidogo. Kazi hiyo tumevipa vitenzi, na kitenzi kinamwonyesha fundi pa kuanzia. "Wonky" haimwonyeshi. Lakini bila hilo nisingeacha kuandika "kibovu".

Kwao Uingereza hata mboga huitwa "wonky". Mwaka 2016 maduka ya Asda yalianza kuuza boksi la mboga zilizopinda, kwa bei nafuu, kwa jina hilohilo. Nimesoma hayo nikamkumbuka mama, ambaye viazi vyenye nundu alivitenga kando ya gunia kwa sababu mnunuzi angevikataa. Tulivila sisi, na vilikuwa vitamu kama vile vya gunia.

Mwezi uliopita niliandika: "Meza chumba namba 4, mguu mmoja mfupi." Fundi alikuja na msumeno na randa. Ule mfupi hakuugusa, akapunguza ile mitatu.