"Nice" ni nzuri au njema?

Swali: Msomaji anayejifunza kutafsiri anasema kila akikutana na neno la Kiingereza "nice" huandika -zuri, na mhariri humkatia. Anauliza kosa liko wapi.

Jibu: Kosa ni kulibebesha neno moja kazi ambayo Kiswahili kimeyagawia maneno mengi. Tazama kwanza kinachosifiwa. Kikiwa ni sura, hali au ubora wa kitu, -zuri inatosha: nyumba nzuri, gari zuri, hali ya hewa nzuri. Ladha ina -tamu.

Kwa tabia ya mtu ndipo wengi wanapoteleza. "A nice woman" ukiandika "mwanamke mzuri", msomaji ataona uso wake. Andika "mwanamke mwema", au, bora zaidi, utaje wema wenyewe kadiri muktadha unavyokuonyesha: mkarimu, mpole, mcheshi, muungwana.

Katika kutakiana heri pia tunatumia -ema: siku njema, safari njema, usiku mwema. "Safari nzuri" ni ya msafiri aliyekwisha kufika na sasa anasimulia. Angalia upatanisho, kwa kuwa mzizi huu unaanza na irabu: mtu mwema, watu wema, jambo jema, mambo mema, kitu chema, vitu vyema, habari njema, mahali pema.

Pengine kivumishi hakihitajiki kabisa. "Nice to meet you" ni "nimefurahi kukufahamu". Mzazi anayemwambia mtoto "be nice to your sister", kwa Kiswahili angesema "usimchokoze dada yako".

Ulegevu huu wa "nice" una historia. Asili yake ni Kilatini, nescius, yaani asiyejua. Kifaransa cha kale kikalifanya liwe "mjinga", na kwa maana hiyo likaingia katika Kiingereza mnamo mwaka 1300. Baadaye likawa la mtu wa kuchaguachagua, kisha la jambo dogo au la kupimwa kwa makini. Maana ya kupendeza ilishika mizizi katika karne ya 18 tu.

Kwa hiyo anayetafsiri maandishi ya kale ajihadhari sana. Katika tamthilia ya Shakespeare ya Julius Caesar, ambayo Mwalimu Nyerere aliitafsiri kwa Kiswahili, Cassius anamlalamikia Brutus kwa kumwadhibu mtu aliyekula rushwa, na anataja "nice offence". Hasemi kosa zuri. Anasema kosa dogo, lisilostahili kufuatiliwa wakati wa vita, na hoja yake yote imesimama juu ya udogo huo.

Maana hiyo ya kale haijafa. Mwanasheria akiandika leo "a nice distinction", anazungumzia tofauti ndogo mno, inayotaka jicho kali kuiona. Ukiandika "tofauti nzuri", umempotezea msomaji hoja nzima.