Jibu: Kriketi haionekani kwenye antena

Salaam ndugu. Umesema mzee amekuja kwako Leicester, anataka mechi za Test za Uingereza (zile za kriketi za siku tano) mubashara, nawe umetafuta chaneli za Freeview, zile za bure za antena, mara tatu bila kupata kitu. Antena ni nzima, usimwite fundi. Ashes ya 2005, yaani mfululizo wa Test dhidi ya Australia, kwenye Channel 4 ndiyo ilikuwa ya mwisho nyumbani kuonyeshwa bure mubashara. Tangu 2006 mechi hizo ziko Sky Sports, kwa kulipia.

Kwanza muulize mzee: siku zote tano, au moja tu? Kama ni moja, NOW, huduma ya Sky ya kutazama kwa intaneti, inauza pasi ya siku, huhitaji dishi wala mkataba. Mimi hufanya hivyo kwa siku ya kwanza, zilizobaki nasikiliza Test Match Special, matangazo ya kriketi ya redio ya BBC, bure, redio ikiwa dirishani jikoni.

Inaniuma, kusema kweli. Fainali ya Kombe la Dunia 2019 Sky ilikubali ionyeshwe pia Channel 4, na watoto wa jirani, ambao hawakuwahi kuona kriketi, walijazana sebuleni kwangu hadi mpira wa mwisho. Kesho yake walikuwa uani na ubao wa kukatia mboga, wanapiga.